Glasi ya Maziwa ya Papai

"Papa Isaïe, mapapai yangu haiko mashavu ya kunyolewa!"

Mama Olga alisimama uani kwake, mtaa wa Kabondo, mikono kiunoni. Juu ya ngazi, jirani yake alikuwa akikwaruza papai bichi kwa kipande cha mwanzi, na maziwa yake meupe yakidondoka ndani ya glasi.

"Bon, Mama Olga, nakwaruza ngozi tu. Papai inabaki yako."

"Na makovu inabaki ya nani?"

Isaïe alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya mimea. Olga aliuza dawa za majani: kongobololo, yale majani machungu, majani ya mapera, papai bichi, vyote ndani ya sufuria moja, vikitokota toka asubuhi hadi jioni. Gunia la makaa halikumaliza siku tatu. Dawa zake zilisaidia wengi, na hapo ndipo kichwa kilipomvimba.

"Jani moja inataka moto," Isaïe alizoea kumwambia, "ingine inataka subira."

Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yakapigana siku sita ndani ya mji. Kipande cha bomu kikampata Félicité, mdogo wake Olga, mguuni. Dawa zilikuwa zimekwisha mjini, na jeraha likaanza kunuka. Isaïe akaleta glasi imejaa unga mweupe: maziwa yale yale, aliyoyakausha kwa jua juu ya kioo, bila hata kipande cha makaa.

"Chemsha maji peke yake, iache ipoe, kisha utie unga, uoshe kidonda. Ukiupika, umeuua. Mguu ikipona, utanirudishia glasi imejaa, nisaidie mwingine."

"Dawa haijaona moto? Papa, wewe ulikuwa unaosha chupa za wazungu, haukuwa docteur!"

"Yaya, jaribu tu," Félicité alimwambia dada yake pale mkekani.

Olga alijaribu, lakini kwa kichwa chake. Unga wote aliutia kwenye sufuria ya majani, akauchemsha toka asubuhi hadi saa sita mchana, ili awe na hakika. Isaïe alipouliza, Olga alijibu kwamba umetumika vizuri.

Wiki ya tatu, mguu ulikatwa chini ya goti.

Pengine ungekatwa hata hivyo. Docteur aliyeukata alisema hivyo. Lakini "pengine" si godoro, mtu hapati usingizi juu yake. Kila alipomwona Félicité akirukaruka na fimbo kwenda jikoni, Olga aligeuza uso. Ile glasi aliifanya kipimo cha chumvi.

Mwaka ukapita. Siku moja alfajiri akapanda ngazi mwenyewe na kipande cha mwanzi. Asubuhi sita alikwaruza, akakausha, vidole vikachubuka kwa maziwa. Kisha akabisha kwa jirani, glasi mkononi, imejaa.

Isaïe aliitazama. "Nilisema mguu ikipona. Haudaiwi kitu."

"Niliupika, Papa. Nusu siku nzima."

"Nilijua. Moshi ilipita kwangu, inanuka unga yangu."

"Na ukanyamaza?"

"Ulimi yako ilinitisha, Mama."

Mzee akapokea glasi kwa mikono miwili.

"Donc, basi tumelipana," alisema. "Ingia. Kuna mwingine na kidonda, maji iko inapoa."