Maji ya Moto, Namba Nne

Kila Ijumaa jioni Maud Entwistle alikuwa anapotea kwenye mvuke. Mwili uko palepale, kwenye ushoroba wa mabafu ya umma ya Aldersyke, mji wa wachimba makaa ya mawe, ufunguo wa bomba mkononi, ila roho inaelea huko. Mabomba ya mabafu yale yalikuwa nje ya milango. Ukishajifungia na kipande chako cha sabuni nyekundu, hujiongezei hata tone. Unapiga kelele, Maud anakufungulia.

"Maji ya moto, namba saba!"

"Namba saba unataka kuiva kama kiazi? Sugua kwanza!"

Vita vilikuwa vimekwisha, masizi hayajaisha. Majumbani choo kiko uani, majirani wanapokezana, na kuoga ni karai mbele ya moto. Kwa hiyo mji mzima ulimpitia Maud. Alijua nani ana upele na nani kaleta chawa, na hakumtangaza mtu. Kwa hilo nampa heko, maana Aldersyke kwa umbeya, we acha tu!

Lakini Ijumaa ilikuwa ya namba nne. Humo aliingia Enoch Tattersall, mjane, mchimba makaa, mweusi tii kwa vumbi la makaa mpaka kwenye kope. Yeye hakupayuka.

"Bibi Maud, nisaidie moto kidogo."

Jamani, ile "nisaidie" yake! Maud alikuwa akiisikia hata nyumbani akimenya viazi. Aliegemea mlango, mluzi wa Enoch ukipenya ndani ya mvuke, akajiona wamekaa wawili ufukweni, miguu majini, hawana haraka. Alimpenda. Kumwambia sasa, thubutu! Mtu mzima na mvi zake, aanzie wapi?

Kisha baraza la mji likajenga nyumba mpya kule mlimani, kila moja na bafu lake. Bwana afya akafurahi, na Maud naye akafurahi kwa ajili ya watoto. Ila sauti zilianza kupungua. Namba saba akahama, namba mbili akahama, na kila Ijumaa alijiuliza: je, namba nne atakuja?

Alikuja mpaka siku ya mwisho, kabla mabafu hayajafungwa. Siku hiyo mteja alikuwa yeye peke yake.

"Bwana Tattersall," Maud akasema na mlango, "wewe hizo nyumba mpya hawajakupa?"

Mluzi ukakatika.

"Walinipa. Mwaka juzi."

"Haina bafu?"

"Inalo. Jeupe, linang'aa."

"Basi umelifanya stoo ya makaa, kama matajiri wanavyotusema!"

"Wala. Nalifuta vumbi tu."

"Sasa muda wote huu unashuka mlima kwenye mvua, unafuata nini huku, mwanaume wewe?"

Maji yakachezacheza kidogo.

"Kule nikiita, haitiki mtu."

Maud alisimama pale machozi yanamtoka, bomba kaliacha wazi, mpaka maji yakapita chini ya mlango yakamlowesha viatu.

"Bibi Maud," Enoch akaita, "nazama huku!"

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Maud alijilaza kwenye lile bafu jeupe kule mlimani. Bomba lilikuwa pale pale miguuni pake. Hakuligusa. Alifumba macho, akavuta pumzi, akapaza sauti:

"Maji ya moto, namba nne!"

Enoch alikuwa jikoni, kisu na kiazi mkononi.

"Sugua kwanza!"