Komeo la Bunduki ya Balz

Mama Ottilia Gisler aliiweka bunduki kifudifudi juu ya meza ya Bwana Furger, muuza silaha za kale wa mjini Altdorf, akaomba bisibisi.

"Mwalimu, mwachie mwenye kazi yake," alisema Furger. "Skrubu za zamani hizo."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili. Skrubu mbili hazitanishinda."

Alizifungua. Bamba la chuma la kitako lilipotoka, alichungulia shimo lililokuwa chini yake, akachomoa kwa kibano cha nyusi karatasi iliyokunjwa mara nne. Kila askari wa nchi ile aliyepewa bunduki akae nayo nyumbani aliandika jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa na kijiji chake, akaificha karatasi hapo. Mwandiko aliufahamu kabla hajasoma: *Balz Gisler, 1921, Spiringen*. Hata herufi G ilikuwa na ule mkia wa mbwembwe ambao alikuwa akimcheka mumewe kwa ajili yake.

Karatasi huhamishika, alijua hilo. Akatoa kwenye mkoba kitabu cha jeshi cha marehemu, akalinganisha namba ya bunduki tarakimu kwa tarakimu. Ikalingana. Namba ya mtutu, sawa. Basi ndiyo hiyo hiyo, ile ambayo mdogo wa mumewe aliiuza pamoja na takataka za ghalani wiki moja baada ya mazishi, bila kumuuliza mtu.

"Sasa tazama na komeo," Furger alisema polepole, akamsogezea kioo cha kukuzia. Komeo ni kile chuma kinachosukuma risasi ndani, nacho hupigwa tarakimu tatu za mwisho za bunduki yake. Lilipaswa kusomeka 418. Lilisomeka 907.

"Limebadilishwa," alisema Furger. "Nitakupunguzia bei, Mama Gisler. Mia nne, badala ya mia sita."

Ottilia hakusikia habari ya bei. Jumapili ijayo chama cha walenga shabaha cha Spiringen kingetimiza miaka mia, na bunduki za mabingwa wa zamani zingetundikwa ukumbini. Nao wazee wote walikumbuka kuwa mwaka 1961 Balz aliposhinda taji la bonde zima, rafiki yake Xaver Tresch alisimama mbele za watu akasema bunduki ya Gisler imechezewa. Tangu siku hiyo nyumba mbili zilizotenganishwa na zizi moja hazikusalimiana. Na sasa komeo la mtu mwingine! Akiitundika hivi, kijiji kitasema Tresch alikuwa mkweli. Asipoitundika, kitauliza kwa nini.

Ila 907 ni ya nani? Swali hilo lilimkaa kichwani kuliko hata aibu. Mtu anayetaka kudanganya haibi komeo na kuliacha na namba yake.

Alitia saini mkataba, akalipa, akapanda basi la bondeni na bunduki ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Njiani akakumbuka kanuni ya uwanja wa shabaha: hakuna aliyeingia kilabuni kunywa na bunduki nzima. Kila mtu alichomoa komeo lake akaliweka juu ya meza ya msimamizi, kisha akatoka na glasi nne za mvinyo kichwani, akaokota la kwake. Au alilodhani ni la kwake. Na nani siku zote alilala ubavuni mwa Balz kwenye mstari wa kufyatulia?

Alishuka kituoni kwake, lakini akaupita mlango wake, akalizunguka zizi.

Xaver Tresch alifungua mlango akiwa na soksi tupu miguuni. "Haa! Mwalimu amepotea njia."

"Sijapotea. Nataka kuona bunduki yako."

"Miaka thelathini na tano hujaniambia habari za asubuhi, leo unataka kunipekua?"

"Komeo tu, Xaver. Nikikosea nitakuomba radhi hapa hapa mlangoni, na kwa sauti, mkeo asikie."

"Hiyo ningeilipia kiingilio," alisema, akaenda kabatini.

Namba ya bunduki yake iliishia na 907. Alichomoa komeo, akalipeleka dirishani, akalirudisha karibu na pua, akalipeleka tena. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso. Ottilia akaishusha kwa kidole. 418.

Mzee alikaa kwenye kiti. "Nimelisafisha kila Jumamosi."

"Na hukusoma?"

"Nani husoma kitu chake, shemeji?"

Neno hilo halikuwa limetamkwa baina yao tangu mwaka ule. "Ulisema imechezewa," alisema Ottilia.

"Nilisema. Ilikuwa inatoa mlio ninaoujua, mlio wa bunduki yangu. Nikadhani ameitengeneza ifanane." Alijifuta uso. "Mungu wangu. Chukua lako, nipe langu, tuyamalize kimyakimya."

"Kimyakimya hapana. Ulilisema kwa sauti."

Tresch alimtazama jinsi alivyokuwa akiitazama shabaha ya mbali. "Na wakinicheka?"

"Watakucheka."

Jumapili ukumbini Tresch alisimama kabla ya hotuba, kofia mkononi, akasimulia jinsi makomeo mawili yalivyobadilishana mezani pa msimamizi, akasema Balz Gisler alishinda kwa haki, na kwamba chuma kilichoharibika siku ile kilikuwa ulimi wa Xaver Tresch. Kicheko kilitikisa madirisha. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Basi na taji lako la mwaka sitini na nne nusu ni la Gisler!"

"Robo!" Tresch alifoka. "Robo tu!"

Mama Ottilia, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na gauni lake jeusi lililopigwa pasi, aligeuka akawaambia kwamba robo inatosha.