Oveni, Mwambie Mama

Kazi yangu ni umeme wa pampu, chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu upande wa Bulyanhulu. Pampu zile zikisimama maji hupanda na watu hukimbia, kwa hiyo nimezoea kusikilizwa. Ndiyo maana oveni ya mke wangu ilipogoma hapa nyumbani Kahama, sikuona tatizo. Niliona nafasi ya kujionyesha mbele ya mama mkwe.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumamosi mdogo wake mke wangu alikuwa anaagwa kabla ya harusi yake kwenye ukumbi wa hapa mjini, na mke wangu alijitwisha keki zote za sendofu: ile ya ghorofa tatu, na ndogo za kuwapa wazazi, wakwe na kamati. Alijitangaza mwenyewe kwenye kikao, mbele ya mashangazi ambao hawasahau kitu. Sasa akawasha oveni ipate moto. Kioo cha saa kikaandika vitu visivyosomeka, kikalia pi pi pi bila kuguswa, kikazimika.

“Nani ameigusa hii?” nikafoka. “Nikimjua aliyeigusa, atanitambua!”

“Baba watoto, punguza sauti,” mke wangu akasema. “Mama yupo.”

Mama alikuwepo kweli. Alikuja Jumanne kutoka Kishapu na furushi la michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvikausha mwenyewe, na alikuwa ameketi uani, nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, anapepeta mchele. Kwetu Wasukuma, hasa kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwilima wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Nikipita koridoni yeye hugeukia ukuta, nami huinamisha kichwa kama niliyedondosha kitu. Miaka kumi na moja ya ndoa, na kila neno letu lilipitia kwa mtu wa tatu. “Mwambie mkwilima chakula tayari.” “Mwambie mama ahsante.” Mke wangu husimama katikati akigeuza shingo huku na huku. Hiyo ndiyo heshima, na sijawahi kuilalamikia.

Nikaanza kazi kama tunavyoanza mgodini. Kule hugusi mashine kabla ya kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo mfukoni, ili mtu asije akakuwashia umeme ukiwa umeshika waya. Nikaifunga swichi kuu ya nyumba nzima, nikatundika na kibao chekundu cha hatari.

“Na friji je?” mke wangu akauliza.

“Usalama kwanza.”

“Siagi inayeyuka.”

“Siagi haina mke wala watoto.”

Leo nikiikumbuka sentensi ile naona haya, lakini siku ile niliona nimesema.

Nikapima. Soketi nilishaihakikisha mapema, ilikuwa nzima. Koili za kupashia moto, ya juu na ya chini, zote zilisoma vizuri kwenye mita. Kihisi cha joto hakikuwa na neno. Ikabaki bodi, kile kibao cha saketi nyuma ya vitufe ambacho ndicho huiamuru oveni iwake lini na izime lini. Nilipokitoa nikakuta kimeungua pembeni, doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama. Nikatangaza ugonjwa kwa sauti ya daktari: bodi imekufa, na muuaji ni umeme wa kupanda na kushuka.

Karibu na stendi kuna fundi mmoja mtu mzima ambaye banda lake limejaa maiti za friji na pasi. Alikuwa na oveni mbili kama yetu, moja haina mlango, nyingine haina miguu.

“Bodi zote mbili ni nzima, mkuu,” akasema. “Ila ya kwako ilikufaje?”

“Umeme.”

“Haikunywa maji?”

“Maji yatoke wapi? Oveni siyo kisima.”

Akanitazama kwa huruma, akanifungulia bodi ya ile isiyo na mlango.

Nyumbani nilipiga picha ya nyaya kwa simu, nikazihamisha moja moja, nikabaki na skrubu mbili za ziada, jambo ambalo sikumwambia mtu. Nikafungua kufuli, nikawasha. Kioo kikawaka, saa ikasoma sifuri nne, mke wangu akapiga kigelegele. Kabla hajakimaliza, ta! Moshi mwembamba ukatoka kwenye vitufe, na saa ikazimika.

Nikamlaumu aliyetuuzia oveni, nikailaumu nchi iliyoitengeneza, nikamlaumu na fundi wa stendi. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani kwamba humu ndani kuna mtu ananihujumu. Mke wangu alikaa juu ya ndoo ya unga, akaanza kulia taratibu, akihesabu kwa vidole majina ya mashangazi.

Jioni akaniletea habari nyingine. Mama anasema kichwa kinamuuma, kesho anapanda basi la mchana arudi Kishapu.

“Kabla ya sherehe ya mwanawe?”

“Ndivyo anavyosema. Ameshafunga furushi.”

Nikasema labda ni joto la Kahama. Mjinga ni mjinga hata akiwa na vyeti.

Ijumaa asubuhi mke wangu alitoka kwenda kubembeleza watu wa kuoka mikate wamwazime oveni. Watoto walikuwa shule. Nikakaa sakafuni mbele ya oveni iliyo wazi, mita mkononi, bila wazo hata moja. Nyuma ya pazia ungo ukaacha kupepeta. Mtu akakohoa.

“Wewe oveni,” sauti ikasema.

Nusura nirushe mita.

“Wewe oveni. Mwambie mkwilima kwamba juzi kuna bibi mmoja alikuosha.”

Nilitazama pazia, nikatazama oveni. Mila hairuhusu mama aseme nami, lakini mama hakuwa anasema nami.

“Oveni,” nikajibu, “muulize huyo bibi alikuosha vipi.”

“Kwa dodoki na majivu. Halafu akakusuuza.”

“Kwa kitambaa?”

Ungo ukapepeta kidogo, ukaacha tena.

“Kwa ndoo.”

“Ndoo moja?”

“Mbili.”

Nikafumba macho.

“Mwambie mkwilima,” sauti ikaendelea, “bibi alikuona umejaa mafuta. Mwanawe alikuwa amekwenda kwa fundi cherehani. Bibi akasema mgeni hakai kama gogo, ngoja niwatakatishie chombo chao. Hakujua kama una mambo kichwani. Halafu akasikia ukali wa mkwilima. Akaona heri arudi kwake, asije akasimama ukumbini wakati keki ya binti yake ameiua yeye.”

Niliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Mgodini mimi ndiye ninayewafundisha wageni kazini. Kila Jumatatu huwaambia: ukikosea sema, hapa aliyesema hafokewi, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na kule chini huumbua watu wengi kwa mara moja. Na nyumbani kwangu mama mtu mzima alikuwa amefunga furushi kuikimbia sauti yangu. Bodi ya kwanza iliuawa na maji. Ya pili niliiua mimi, kwa mdomo.

“Oveni,” nikasema, “mwambie mama kosa siyo lake. Ni la yule aliyefoka kabla ya kuuliza. Na umwambie nina vitu vya kukausha, na katika ukoo wote simjui anayejua kukausha kama yeye.”

Nikafungua upya, na kweli, maji yalikuwa yamejificha nyuma ya kioo na ndani ya vile vichwa vya kuchomekea nyaya. Kila kilichofunguka nilikipitisha chini ya pazia. Akaanika vyote juani kwenye ungo, katikati ya michembe, na kila baada ya muda nilimsikia akivigeuza, viazi na vyuma pamoja, huku akiwafukuza kuku. Oveni yenyewe niliisukuma nje ipigwe na jua, yeye akiwa amejibanza nyuma ya tanki la maji mpaka nimalize kupita.

Nikarudi stendi kuchukua bodi ya mwisho.

“Ilikunywa maji?” fundi akauliza.

“Ndoo mbili.”

Mbele yangu hakucheka. Nilimsikia nilipofika barabarani.

Saa nane mchana kila kitu kilikuwa kikavu kama mchembe. Nikairudisha oveni jikoni, nikafunga bodi, skrubu zote safari hii. Kisha nikafanya jambo ambalo mgodini ningefukuzwa kazi: ufunguo wa kufuli langu nikausukuma chini ya pazia. “Oveni, mwambie mama swichi ni yake. Mimi nitatoka nje kwanza.”

Nikasimama barazani mbele ya nyumba nikiupa mlango mgongo. Nikasikia miguu yake koridoni, kufuli likifunguka, swichi ikipanda. Nikangoja ile ta! Badala yake oveni ikalia pi moja, safi.

“Imewaka, mwanangu!”

Nadhani alishtuka kuliko mimi, maana nilisikia akikimbilia chumbani na kufunga mlango. Mke wangu aliporudi, amekataliwa kila mahali, alikuta oveni ya moto, mume anajifuta macho kwa kitambaa cha sahani, na furushi la mama limefunguliwa.

Keki zilitoka. Mama alikaa mstari wa mbele ukumbini, akalishwa kipande cha kwanza na binti yake, na mashangazi wakakosa la kusema, jambo lililowaumiza sana.

Hadi leo hatujapeana mkono wala kutazamana usoni. Lakini akipiga simu kutoka Kishapu, wakikaribia kuagana na mke wangu, hupaza sauti makusudi ili nisikie nilipo: “Na oveni haijambo?”

“Mwambie mama haijambo,” hujibu. “Siku hizi haifoki.”