Pikapu Isiyoguswa

Marehemu mume wangu alikuwa na majivuno mawili: pikapu yake nyeupe ya kubebea mbegu za miwa, na saruji aliyoimwaga kutoka getini hadi mlango wa jikoni ili asikwame kwenye matope. Alipofariki, pikapu ilikuwa imeegeshwa juu ya saruji hiyo. Wazee wa ukoo wakasema ibaki papo hapo mpaka siku ya makumbusho, ya kumkumbuka marehemu, vitu vyake vitakapogawanywa. Na mimi mjane, wakasema, nisilale nje ya boma mpaka siku hiyo. Kwa hiyo tuliegeshwa wawili.

Tofauti yetu ni kwamba pikapu ilivuja. Chini ya injini palikuwa na doa la oili, jeusi, pana kama sinia. Mama mkwe, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, alisema watu bado wanakuja kutupa pole na haifai wakute uchafu mlangoni pa mjane. Nikaanza kusugua.

Mara ya kwanza nilitumia mafuta ya taa, nikijiambia dawa ya moto ni moto. Doa likalegea kweli, kisha likatambaa mpaka karibu na ngazi, na nyumba nzima ikanuka koroboi. Ndipo nikaomba gunia la makapi ya miwa kwa jirani anayefanya kazi kiwanda cha sukari cha Butali. Makapi makavu hunywa oili vizuri kuliko hata majivu. Unayatandaza jioni, asubuhi unayafagia, unamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, unasugua kwa brashi ngumu. Gunia lile lakini lilikuwa bado na utamu, na kulipokucha sisimizi walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye kabati langu la vyombo. Nilicheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Ningeweza kuweka beseni chini ya injini na mambo yakaisha. Niliweka. Mama mkwe aliliondoa kabla ya chai, akasema linafanana na la kukingia damu ya ng'ombe, na boma hili limeshachinja vya kutosha. Nikamwomba shemeji, mdogo wa marehemu, alete fundi azibe panapovuja. Shemeji alikuwa akija kila Jumamosi kuiwasha injini isife, na kabla ya kuiwasha aliiongezea oili. Aliniangalia kama niliyemtaka afukue kaburi.

"Shemeji, hiyo gari haifunguliwangi mpaka wazee waseme," akanijibu, huku akimimina oili ya wiki nzima.

Nilimchukia siku hiyo, na sioni haja ya kuficha. Alijaza, ikavuja, nikafuta, akajaza.

Dada yangu alikuwa ameniwekea cherehani katika kibanda alichokodi Eldoret. Alipiga simu kuniambia anayemiliki kibanda anataka nafasi hiyo, na hawezi kunishikilia kupita mwisho wa mwezi. Nikaenda kwa wazee kwa heshima zote, kuomba siku itajwe. Wakasema makumbusho ni baada ya miwa kukatwa. Miwa nayo ilikuwa ikingoja trekta za kiwanda, na trekta hazikuwa na habari nasi. Mmoja wao akanikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikarudi nyumbani nikasugua mpaka vidole vikachubuka.

Wiki ya mwisho ya mwezi trekta zilikuja, miwa ikakatwa, nami nikaanza kukunja nguo zangu. Jioni shemeji akaleta habari kwamba makumbusho yameahirishwa. Nilimuuliza ni mzee gani aliyekataa. Alichezea funguo, kisha akasema hakuna mzee aliyekataa. Ni mama.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe amesimama kando ya pikapu, mkono juu ya boneti. Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti na ndoo yangu. Nilikuwa nimepanga maneno makali usiku mzima. Lakini yeye ndiye aliyesema kwanza, bila kunitazama.

"Mtoto wangu ameenda. Hii gari ikitoka hapa, na wewe utatoka. Mimi nitabaki na nani?"

Hasira ilinipanda. Nikamuuliza, "Na nikibaki, Mama, nitabaki nikisugua tu?"

Nilitaka anifokee. Angenifokea, ningebeba begi langu mchana huohuo, na wazee waseme watakalo. Badala yake alikunja kitenge chake, akashika bampa, akashuka taratibu mpaka magoti yake mabovu yakagusa saruji yenye maji. Akachukua brashi mkononi mwangu, akaanza kusugua. Hakujua kusugua oili. Alikuwa akiitawanya tu, na akina mama waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo kututazama.

"Wacha nikusaidie," akasema. "Nitakuwa nakusaidia kila siku."

Simu ilikuwa ikilia mfukoni mwa aproni yangu. Nilijua ni dada. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza, nikaokota ndoo, nikaenda kuchota maji mengine.