Sufuria Yangu Kwenye Magurudumu ya Mbele

Subira yangu ilikatika Alhamisi moja baada ya alasiri, nikiwa na kifuniko mkononi na sufuria yake haipo.

Ilikuwa sufuria kubwa ya kupikia wali wa watu ishirini, niliyopewa na mama yangu nilipoolewa. Niliitafuta uvunguni, nikaitafuta darini, nikauliza kwa jirani. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa ameketi akichambua mchele, na macho hakuyainua.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Mume wangu alikuwa nje, amechutama kando ya kigari chake.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Iko kwenye gari."

"Umebebea nini?"

"Sikubebea kitu. Imekuwa gari." Akacheka. "Usinitazame hivyo, mama. Ile ilikuwa yapika wali mara mbili kwa mwaka. Sasa itashinda mashindano."

Nieleze vizuri, maana wanawake wenzangu walionisikia walinicheka, wakidhani nalilia chombo.

Mume wangu ni karani bandarini. Jumapili huenda bara na wenzake kushindana kwa magari kwenye njia za vumbi. Kigari chetu ni kidogo, chepesi, na injini yake ni kali kuliko umbo lake. Kikikata kona kwa kasi huinuka upande mmoja. Dawa, alisema, ni kuyatoa magurudumu nje kidogo, gari lisimame limetanua miguu kama mchukuzi mwenye gunia. Baina ya gurudumu na pale linapofungwa hutiwa kipande cha chuma cha duara chenye matundu. Madereva wanakiita spesa.

Hilo peke yake si wazimu. Fundi mmoja wa Makupa alikubali kumkerezea spesa za chuma cha pua, ila kwa sharti: boliti za magurudumu zibadilishwe, zitiwe ndefu zaidi, kwa sababu spesa inakula urefu wake. Boliti ndefu zilikuwa zaja kwa meli. Mume wangu hakutaka kungoja meli. Akaenda Majengo kwa muhunzi anayeyeyusha vyombo vibovu na kusubu sufuria mpya, akampa sufuria yangu, nzima, haina hata tundu, akasubiwa spesa mbili za mbele, unene wa kidole. Boliti akaziacha zile zile.

"Sufuria yakaa motoni miaka ishirini haipasuki," aliniambia Alhamisi ile, uso umemkunjuka. "Itashindwa na gurudumu?"

"Sufuria haikati kona."

"Wewe umesoma jiografia. Haya ya magari niachie."

Spesa hizo zilikuwa zimekwisha kaa wiki kwenye gari, na mimi nikidhani ni zile za Makupa. Kabla yake kigari kilikuwa kikipita kichochoro chetu baina ya baraza mbili, kiganja huku, kiganja huku. Wiki ile magurudumu ya mbele yalitokeza nje ya bodi, yakaparuza baraza ya jirani mpaka chokaa ikamwagika. Mzee wa pale akavuta miguu upesi.

"Yakhe!" akapiga kelele. "Gari lako lina mimba, ama?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu binti yetu wa miaka minne alikuwa amekaa mbele, upande wa kushoto, kama kila asubuhi akipelekwa shule ya watoto Tononoka.

Siku ya tatu, baba yake akaanza kukaza nati kabla ya kuondoka. Siku ya nne, akitoka na akirudi. Kitu kilichokazwa sawasawa hakikazwi kila siku. Jumatatu binti akarudi akaniambia gari lapiga hodi. "Ko, ko, ko, mama. Hapa chini ya miguu yangu." Tangu hapo, kila adhuhuri ilipokaribia nilikuwa nasimama dirishani nikisikiza. Sikujua nasikiza nini, lakini mikono ilikuwa haifanyi kazi mpaka waingie.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nilivaa buibui nikashuka na spana yake. Nilifungua nati moja ya gurudumu la nyuma nikahesabu. Mizunguko tisa. Nikaikaza. Nikaenda mbele, upande wa kushoto. Mmoja, miwili, na wa tatu nati ikaniangukia mkononi; spesa ilikuwa imeula urefu wa boliti.

Nikainama nikachungulia nyuma ya gurudumu. Ukingoni mwa ile spesa ya kijivu palikuwa na ufa mwembamba, kama unywele ulioganda kwenye sahani. Nikaupitisha ukucha. Ukucha ukanasa. Nati niliirudisha nikaikaza kwa uzito wangu wote, nikijua kukaza hakusaidii kitu.

Aliporudi nilimwambia yote.

"Huo si ufa," akasema. "Ni alama ya kusubu. Nikimaliza mashindano Jumapili nitautazama."

"Na usipomaliza?"

"Mwanamke wewe, wataka kunizika ningali hai?"

"Sitaki kukuzika. Ndiyo maana nasema."

Mavyaa akaniita chumbani kwake. "Mume haanikwi kambani kama nguo, mwanangu. Sema ndani, yaishie ndani."

"Mama," nikamwambia, "gurudumu halitang'okea ndani."

Alikuwa akivuta tasbihi, na vidole vyake vilisimama.

Jumamosi asubuhi nilimwacha mtoto kwa mama yangu, nikaenda ofisi ya chama cha madereva. Karani wa pale akaitazama buibui, kisha bahasha niliyomnyoshea.

"Mumeo ajua uko hapa?"

"Atajua ukiisoma."

"Bibi, mambo ya nyumbani hatupokei."

"Basi pokea ya mtu aliyehesabu nati. Na ugonge muhuri, nangoja."

Nilingoja. Akagonga. Niliandika hivi:

*Kwa Katibu. Mimi ni mke wa mwenye gari dogo jekundu lililoandikishwa kwa mashindano ya kesho. Nalalamika rasmi kwamba gari hilo si salama, katika mashindano wala njiani. Magurudumu yake ya mbele yametiwa spesa zilizosubiwa kwa sufuria ya kupikia. Boliti hazikubadilishwa. Nati niliyoifungua mbele imeshika mizunguko mitatu. Ya nyuma, tisa. Spesa ya kushoto ina ufa, na upande huo ndio anaokaa mtoto wangu. Sikuombi uniamini. Mkaguzi wako azifungue mwenyewe, ahesabu.*

*Mume wangu atasema ni hasira za mke kwa ajili ya chombo chake. Hasira ninazo, na sufuria simsamehe. Lakini mkimruhusu, hamtasema hamkujua: barua ina muhuri wenu na nakala ninayo.*

*Ufunguo wa gari umo ndani ya bahasha hii. Asipewe yeye, wala nduguye, wala mtu atakayetumwa na mamake, mpaka zile spesa zitoke.*