Ndege ya Nairobi hadi Malindi huchukua saa moja, lakini uliza kwanza inatua wapi

Wakuu, naomba nafasi kidogo humu. Mimi si mwandishi. Ninayosimulia yalinipata mimi, na khalati yangu, dadake mama, yu hai. Nikiongeza neno atanisuta.

Kwetu ni Mambrui, karibu na Malindi, ila napika kwa familia moja Nairobi.

Mwezi uliopita kakangu alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri. Mama ametutoka.

Sisi Waislamu maiti hatuiweki. Mazishi yakapangwa adhuhuri. Mimi ndiye binti pekee, na haja yangu ilikuwa moja: nimuoshe mama kwa mikono yangu kabla hajavikwa sanda.

Kwa basi ni safari ya kutwa. Tajiri wangu, Mungu amlipe, akanikatia tiketi ya ndege kwa simu yake. Akanambia kwa angani ni kilomita mia nne na kidogo, saa moja hivi umefika. Nami nikawaambia nyumbani vivyo hivyo.

Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Sikujua kuna foleni ya kukaguliwa, kisha kungoja, na kwamba ile saa moja huhesabiwa magurudumu yakishaacha ardhi.

Tulipotua nikafungua mkanda, nikasimama. Mzee wa kando akanambia, "Keti, mwanangu. Hapa ni Lamu. Malindi ndiyo inafuata."

Nililia kimya kimya. Nikawasha simu.

"Khalati, niko Lamu."

"Lamu! Kwani huyo rubani ana shemeji huko?"

Nyuma yake nikamsikia Ami Bakari, nduguye baba: "Kaburi li tayari, watu wamejaa msikitini. Muosheni!"

Khalati hakuziba simu. "Bakari, wewe una jembe, mimi nina maji. Hatujaanza, na hatuanzi mpaka mwanawe aje. Kwani alasiri si swala?"

Ami akasema, "Haya. Mwambie asikimbie akaanguka."

Malindi binamu yangu alikuwa akiningoja na pikipiki. Tukavuka daraja la Sabaki, sikumbuki nilichokiona.

Chumbani wanawake walikuwa wameketi, ndoo za maji ya majani ya mkunazi ya kuoshea maiti zimefunikwa. Hakuna aliyeniuliza mbona nimechelewa. Khalati akanikunjia mikono ya nguo, akanipa kata ya kutekea.

Nikaanza upande wa kulia. Mwisho nikamsuka nywele, misuko mitatu, taratibu, na hakuna aliyeniharakisha.

Alasiri akaswaliwa, akazikwa.

Wakuu, huzuni ninayo bado, lakini shukrani imeizidi. Wangeweza kumaliza bila mimi, na nisingekuwa na la kusema.

Funzo langu: ukiambiwa saa moja, uliza ndege inatua wapi kwanza. Hesabu kutoka mlango unaotokea hadi mlango unaokwendea, kisha waambie watu wako ukweli mapema.

Anayezijua ndege zinazokwenda Malindi moja kwa moja, na siku zake, aandike hapa chini. Kuna mtu atakuja kuusoma uzi huu asubuhi kama ile yangu.