Siku Mama Mkwe Alipoondoka na Pikipiki Yangu

Mama mkwe wangu ana miaka sabini na mbili, presha, na goti la kushoto ambalo daktari ameshalikatia tamaa.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, alipanda pikipiki yangu, akapiga kiki moja tu, akaondoka.

Hakuaga.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi kama droo iliyokwama.

Ngoja nianzie mwanzo, maana najua mmeshaanza kucheka na bado hata sijafika panapochekesha.

Mimi ni mpiga eksirei hospitalini. Huu ni mwaka wa ishirini na sita. Kazi yangu kubwa ni kupiga picha mifupa ya watu waliotupwa na pikipiki. Asubuhi namwambia mgonjwa, "Usitikisike, pole sana, hivi vyombo vitawamaliza." Jioni navua koti jeupe, naenda nyumbani kukumbatia vyangu.

Ndiyo, vyangu. Nimemiliki pikipiki kumi na moja tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Ya kwanza haikuwa na breki ya mbele. Ya tatu ilikuwa na breki ya mbele tu. Ya sita iliwaka moto ikiwa imeegeshwa, haijaguswa na mtu, nadhani kwa huzuni tu. Ya nane ndiyo niliyoendea kuposa, nikafika ukweni nina oili mpaka kwenye nyusi.

Siku hiyo mama mkwe aliitazama ile pikipiki kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Nikajisemea, basi, huyu mama anachukia pikipiki.

Mjuzi wa watu mimi.

Sasa hiyo ya kumi na moja ndiyo yenye kesi. Ni ya zamani, silinda moja, kubwa, ya miaka ambayo pikipiki ilikuwa chuma kweli. Niliipata kwenye stoo ya mtengeneza magodoro, nyuma ya rundo la springi zilizooza. Haina matairi, haina taa, panya wamezaa kwenye sailensa vizazi vitatu.

Kwenye chama chetu cha wapenda pikipiki za zamani, hadithi ya jinsi nilivyoigundua niliisimulia mara nyingi. Nilikuwa nasema nilinusa. "Mtu mwenye jicho," nawaambia, "anapita barabarani tu, anahisi kuna chuma mahali."

Nilikuwa nasahau kidogo kutaja kwamba mke wangu, akiwa anapanga vyombo kabatini, ndiye aliyesema, "Baba watoto, kuna mtu wa magodoro anatupa pikipiki mbovu, si ukaangalie?"

Mambo madogo madogo hayo.

Mwezi mmoja baada ya kuileta nyumbani, mama mkwe akaja. Alikuja kwa ajili ya goti. Wiki mbili tu, alisema.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Nilimpokea kwa heshima zote, maana mkwe ni mkwe. Nikamwekea kiti chenye mto kwenye baraza, hatua kumi tu kutoka kwenye banda langu la kazi. Yeye anafuma sweta, mimi nafungua injini. Kila nikiinua kichwa, ananitazama. Nikiangusha spana, anaguna. Nikipiga nyundo, anafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

Nikamwambia mke wangu, "Mama yako ananihukumu."

Mke wangu ni mwalimu mkuu. Hajawahi kubishana na mtu maishani mwake, anakutazama tu mpaka ujirekebishe. "Hakuhukumu," alinijibu. "Anakuhurumia."

Basi. Miaka miwili nikaimaliza. Tanki nikalipaka rangi ya zambarau iliyoiva. Rimu zinang'aa. Kifuniko cha tanki nilikipaka rangi tabaka sita, ukikitazama unajiona meno.

Tatizo lilikuwa moja. Ilikuwa inawaka vizuri, inanguruma vizuri, halafu dakika ya kumi inazima.

Kila siku dakika ya kumi. Ungeweza kuitegeshea saa.

Nikabadilisha kabureta. Dakika ya kumi. Nikabadilisha plagi na waya. Dakika ya kumi. Nikaagiza kabureta nyingine. Hiyo nayo dakika ya kumi, labda ya tisa na nusu, maana ilikuwa mpya na ina haraka.

Siku moja nimekaa chini, nimeshika kichwa, mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mkwe wangu, hiyo pikipiki inapumua?"

Nilicheka, kwa adabu lakini. "Mama, pikipiki haipumui. Ni mashine. Ina injini, na ndani ya injini kuna kitu kinaitwa pistoni." Nikamchorea mpaka pistoni yenyewe kwenye vumbi, kwa kijiti. Nikamaliza na, "Wewe pumzika, mama. Haya mambo yatakuumiza kichwa."

Akaitazama ile pistoni yangu ya vumbini. Akasema, "Asante, baba." Akaendelea kufuma.

Chamani walivunjika mbavu nilipowasimulia. "Eti inapumua!" Mwenyekiti wetu, kinyozi mstaafu, alicheka mpaka akaomba maji.

Halafu ikatokea ile Jumanne.

Nilirudi kazini, nikaiwasha ile pikipiki kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kusalimia mgonjwa. Dakika ya kumi ikapita. Ya ishirini. Nikaenda nayo hadi mwisho wa barabara ya lami, nikarudi. Saa nzima! Inanguruma kama imelishwa.

Jana yake nilikuwa nimekaza skrubu moja ya kabureta, robo mzunguko. Nikajua ni hiyo. Ni nini kingine?

Nikaandika makala kwenye kundi letu la mtandaoni: "Hatua Saba za Kufufua Injini Iliyokufa." Hatua ya saba ilikuwa robo mzunguko. Watu wakapongeza. Watu wasionijua wakaniita mwalimu. Mtu mmoja akaniita profesa, na sikumsahihisha.

Mwenyekiti akanipigia simu. "Kwenye maonyesho ya mwaka huu, utatufundisha. Uwashe mbele ya watu, uiache ingurume, na wewe unaeleza."

Nikakubali kwa unyenyekevu mkubwa, baada ya kama sekunde mbili.

Asubuhi ya maonyesho nikaipitisha kitambaa mara ya mwisho. Nikaona kitu kwenye kifuniko cha tanki. Katikati ya rangi yangu ya tabaka sita kulikuwa na kitundu. Kidogo, kama kimechomwa na sindano.

Nilikasirika! Nikadhani ni kutu imeanza kula. Nikaziba kwa lipu ya kuzibia mabodi ya magari, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikakausha kwa feni ya mezani. Kikarudi kuwa kioo.

Tukaibeba kwa pikapu mpaka uwanjani, nikapewa kipaza sauti. Watu wamejaa. Mke wangu amekaa mstari wa mbele na mama yake, chini ya mwavuli. Nikashangaa kidogo kuona mama mkwe amevaa suruali chini ya gauni, na viatu vya kufunga kamba, lakini nikasema labda ni baridi ya uzee.

Nikawasha. Makofi. Nikaanza hatua ya kwanza.

Nilikuwa nimefika hatua ya tano, nikisema, "Ndugu zangu, injini inamtambua anayeijua," iliposhtuka mara mbili na kuzima.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, mara kumi, mara ishirini, jasho linaingia kwenye kipaza sauti. Mtu nyuma akapaza sauti, "Profesa, robo mzunguko!"

Kicheko kilichofuata, jamani, mpaka leo nikilala nakisikia.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akampa binti yake mkoba. Akaja anachechemea mpaka kwenye pikipiki, akakitazama kile kifuniko, halafu akanitazama mimi.

"Umeziba tena," akasema.

"Nimeziba nini, mama?"

Akafungua kifuniko. Tukasikia wote hewa inaingia kwenye tanki, *fyuuuu*, kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi. Akachomoa pini kwenye kilemba chake, akatoboa rangi yangu ya tabaka sita, akapuliza, akatazama mwanga kupitia kile kitundu.

"Mkwe wangu, kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanatoka?"

"Hayatoki, mama."

"Kwa nini?"

Nikaanza kuelewa mbele ya watu mia mbili, na hapo ni pabaya sana pa kuanzia kuelewa kitu.

"Hewa haiingii," nikasema.

"Basi. Tanki ni kopo, na tundu lake la hewa ulilizika chini ya rangi. Mafuta yanashuka, hewa haiingii, dakika kumi yanagoma. Nilikuuliza kama inapumua."

Akakifunga kifuniko. Akakunja gauni. Goti bovu ni la kushoto, na kiki inapigwa kwa mguu wa kulia. Akapiga mara moja. Ikaitikia. Akaingiza gia bila kutazama chini, akapita kati ya watu wanaokimbia kumpisha, akatoka getini, akakunja kushoto, akapotea.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa analia na kucheka, vyote kwa pamoja, na mimi sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya harusi.

"Alitoboa Jumanne ile ulipokuwa kazini," akasema. "Alivumilia miezi mingi. Ikamshinda."

"Amejifunzia wapi?"

"Kaa chini," akaniambia.

Nikakaa kwenye nyasi.

Kumbe mama mkwe alikuwa mkunga wa vijijini kabla hajaolewa. Vituo sita, barabara za matope, na pikipiki aliyopewa kwa kazi, baadaye akaruhusiwa kuichukua. Aliifungua na kuifunga mwenyewe, maana ikimharibikia njiani hakukuwa na wa kumwita, na huko mbele kuna mwanamke ana uchungu. Miaka tisa.

Alipoolewa, ndugu wa mume wakasema mke wa mtu hakai juu ya pikipiki ametanua miguu. Mumewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kusikiliza ndugu. Akaipeleka ile pikipiki kwa kaka yake, ikafungiwa stoo. "Kwa muda," alisema.

Muda wenyewe ukawa miaka arobaini na mmoja.

"Huyo kaka yake alikuwa anafanya kazi gani?" nikauliza, ingawa jibu nilishalijua.

"Magodoro," akasema mke wangu. "Sasa kazi anaifanya mwanawe, ambaye hukuwahi kukutana naye kabla. Mama alimwambia akupe wewe tu, hata aje nani."

Kwa hiyo ile pua yangu haikunusa kitu. Niliongozwa kama mkokoteni. Na goti lile, ambalo kweli linauma, halikuwa limemleta kwangu. Alikuja kuisimamia pikipiki yake.

Mama mkwe alirudi baada ya dakika arobaini. Vumbi mpaka kwenye kope. Watu walimpigia makofi ambayo mimi sijawahi kupigiwa na sitapigiwa. Akazima injini, akabaki amekaa, mikono kwenye usukani.

Nikamsogelea. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekupa siku ileile."

"Ungenipa heshima, mwanangu," akasema taratibu. "Ungenipa mto mwingine. Pikipiki usingenipa."

Nilitaka kubisha. Nikamkumbuka yule mtu wa kuchora pistoni kwenye vumbi kwa kijiti, nikamshikia usukani ashuke.

"Na kuwasha nilikuwa naogopa," akaongeza. "Usidhani ni wewe tu. Kutoboa nilitoboa, lakini kupanda nilikuwa naogopa. Leo ulivyoniaibishia injini yangu, woga wote ukaisha."

Jioni hiyo nikaifuta makala ya hatua saba. Nikaandika nyingine, hatua moja: muulize mama mkwe. Pongezi zikawa mara nne.

Wiki iliyofuata tukaenda mimi na yeye ofisi ya usajili, kuirudisha kwa jina lake. Afisa alikuwa mtu mzima, mwenye tai na kipara kilichotulia. Akanitazama mimi.

"Mzee, chombo kinahamishiwa kwa nani?"

"Kwa mama huyu."

"Sawa. Na ataendesha nani?"

"Mimi," akasema mama mkwe.

Afisa akatabasamu. Lile tabasamu nalijua vizuri, nimelivaa miaka mitatu. Akaweka kalamu chini, akainama mbele, akapandisha sauti kana kwamba goti ndilo linalosikia. "Bibi, hii ina gia. Kuna kitu kinaitwa klachi." Akaanza kumwonyesha klachi kwa viganja vyake viwili, vinaachana, vinakutana.

Ningeweza kumwokoa. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu mpaka viganja vikachoka. Kisha akauliza, "Na mwanangu, ikianza kuteleza mlimani, waya wake utaukaza au utaulegeza?"

Afisa akatazama dari. Akatazama tai yake. Akasema ngoja amwite mkubwa wake.

"Mwite," mama mkwe akamwambia. "Na yeye nimsikie."

Sasa funzo, maana najua kuna watu wamesoma mpaka hapa kwa ajili yake tu.

Kabla hujamweleza mtu jambo, muulize kwanza kama analijua. Ni sekunde tatu. Mimi nilizibania kwa miaka mitatu, na hasara nimeipata mbele ya kipaza sauti.

Na kama mama mkwe wako alikuja kwa wiki mbili na hajaondoka, usinung'unike. Chunguza kwanza ni kitu gani chako kibovu anachosubiri ukubali kwamba kimekushinda.